Mittwoch ni ya Tatu

Shemeji mtu alikuwa fundi friji, na kwa ufundi huo hakuna aliyemlaumu. Tatizo lilikuwa ulimi. Zamani aliwahi kumbebea sanduku la vifaa mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyekuja kufunga vyumba vya baridi, na katika kubeba huko akaokota maneno ya kutosha kumchosha mtu mzima. Mtaa ukamwita Mjerumani, kwa utani. Yeye akalipokea jina kama cheo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili mtaa ulikuwa umelifungia spika.

Muuguzi, mdogo wa mkewe, angemkwepa kama si shida. Alikuwa ameomba kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ujerumani. Wadi ya wazazi ilikuwa imemchosha hadi kwenye mifupa, na aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Wale watu hawakuwa wakali: walitaka mwombaji ajue salamu, namba na siku za wiki, mengine angefundishwa hukohuko. Basi kila akitoka zamu alipitia karakana ya shemeji yake, akakaa juu ya kreti ya soda, na mlango wa friji bovu ukawa ubao.

"Wiki inaanza lini?" Mjerumani aliuliza, chaki mkononi.

"Jumatatu?"

"Ona! Umesoma lakini hujaelimika. Jumamosi, shemeji. Mosi! Ndiyo ya kwanza. Jumapili, ya pili. Jumatatu, ya tatu. Majina yenyewe yanahesabu. Sasa kwa Mjerumani ya kwanza ni ipi? Montag. Ya tatu je? Mittwoch. Haya, Mittwoch ni nini?"

"Ni... Jumatatu."

"Si umeona? Kijerumani ni hesabu tu."

Akaziandika zote mlangoni, Montag ubavuni mwa Jumamosi, Donnerstag ubavuni mwa Jumanne, Freitag ubavuni mwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa zilimsumbua kidogo kwa kuwa hazijitangazi namba, lakini Wajerumani nao walikuwa wamebakiwa na mbili, akazifungisha ndoa bila kuziuliza. Muuguzi akatoa simu ili ahakikishe. Shemeji akamtazama kama mtu aliyetemewa mate kwenye sahani.

"Simu imekaa na Wajerumani? Mimi nimekaa nao."

Dada mtu alikuwa akipita na beseni la nguo. Akamkonyeza mdogo wake: mwache tu, la sivyo hatutalala. Muuguzi akairudisha simu mfukoni, kwa heshima. Heshima imeponza wengi.

Ujumbe ukafika mwisho wa wiki. Ulikuwa mfupi na bila tarehe, kwa makusudi, maana huo ndio ulikuwa mtihani wa kwanza: wangempigia kwa video Mittwoch, saa nne asubuhi. Muuguzi akambembeleza mwenzake wa wadini wabadilishane zamu, yeye apumzike Jumatatu, halafu amshikie Jumatano.

Jumatatu ikamkuta sebuleni kwa dada yake, blauzi imepigwa pasi, simu imeegemezwa kwenye birika. Mjerumani alikaa pembeni ndani ya suti ya harusi yake, ambayo tumbo lilikuwa limeshaikataa, tayari kumnong'oneza majibu. Saa nne ikapita. Saa tano nayo ikapita. Simu kimya.

"Shemeji, niwapigie?"

"Kaa hapohapo. Mjerumani hachelewi. Ukiona hajapiga, ujue kosa ni lako."

Alikaa hadi mchana, kisha akaingia chumbani kwa dada yake akalia. Alilia kweli, si kwa deko. Kupitia ukutani alimsikia shemeji akimweleza jirani kwamba yeye amefundisha, ila kichwa cha kupokelea ndicho hakikuwepo.

Jumatano alirudi wadini. Alikuwa amemaliza kumfuta mtoto mchanga na kumviringisha shuka, mama mtu amepitiwa na usingizi, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Namba ndefu, ya nje. Akaibonyeza kwa kidole gumba, mtoto mkononi. Akaona bibi mmoja mwenye miwani na, kando yake, mkalimani.

"Guten Tag," bibi akasema polepole, kisha akamuuliza swali la chekechea: leo ni siku gani?

Muuguzi akauona mlango wa friji waziwazi. Jumatano. Tano. Ya tano.

"Freitag!" akajibu, kwa sauti ya mshindi.

Bibi alicheka hadi miwani ikamtoka.

"Leo ni Mittwoch, dada yangu," mkalimani akamwambia. "Katikati ya wiki, jina lenyewe linasema. Freitag ni Ijumaa. Ila bosi anasema hata yeye, kazi ikimzidi, hutamani iwe Freitag."

Masikio ya muuguzi yakawaka moto. Kumbe Jumatatu nzima alikuwa akisubiri Jumatano! Mtoto akaangua kilio. Akamlaza begani, akampapasa mgongo, mtoto akatulia. Bibi akaacha kucheka. Akataka kujua kama wazee nao angewashika vile.

"Wazee ni wazito zaidi," muuguzi alijibu, kwa Kiswahili sasa, liwalo na liwe. "Lakini wote hawataki mtu mwenye haraka."

Kazi akapewa, kwa sharti moja: Kijerumani akianze upya, tangu siku za wiki.

Alipokwenda kumweleza shemeji, alitarajia japo aibu kidogo. Mjerumani alisikiliza, akapuliza vumbi la chaki vidoleni.

"Hiyo ni lahaja," akasema. "Kule kusini wanahesabu tofauti."

Na mlango wa friji hakuufuta. Aliusogeza mbele ya karakana, akauza sura: huyu muuguzi mnayemsikia, nani kamtengeneza? Wapambe wakamvisha kilemba cha ukoka, kikamkaa vizuri. Wanafunzi wapya wakaanza kunakili Montag, Jumamosi. Muuguzi alipita pale akawaona, akasimama.

"Shemeji, safari lini?" Mjerumani akamuuliza mbele yao. "Nitakuja kukuaga uwanjani. Nina hotuba."

"Donnerstag, shemeji. Saa nne asubuhi."

Dada mtu, aliyekuwa akianua nguo, alijua safari ni Alhamisi. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mumewe, akaendelea kuanua nguo zake.

Jumanne asubuhi wale dada wawili walikuwa nyumbani wakifunga sanduku. Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Mjerumani zilisikika injini za ndege, na wanafunzi wakiulizana.

"Shemeji, uko wapi? Niko hapa na suti, joto linaniua. Mbona sikuoni?"

Dada akajifunika uso kwa kanga ya mdogo wake, mabega yakimtikisika.

"Kaa hapohapo, shemeji," muuguzi akasema. "Mjerumani hachelewi."