Honi Mbele ya Zamu

Kiwandani kwa washonaji walimwita Honi, na si bure. Cherehani zote zikinguruma, yeye akiitisha uzi mweupe kutoka mezani kwake, mlinzi wa getini aligeuka. Siku hiyo zamu ilikuwa inachagua kiongozi, na kila aliyetaka uongozi ilibidi aseme mbele ya wenzake. Honi aliutaka, jamani, aliutaka mno! Alikuwa amechoka kuona mwenzao mwenye mimba akisimama kwenye pasi kutwa nzima.

"Leo ndiyo leo, wifi," dada wa mumewe, mshona kola, akamchokoza. "Ukipata cheo usitusahau sisi makabwela."

Meneja akaamuru cherehani zizimwe. Mkataji vitambaa akatangulia kusema, maneno matamu kama halua, akapigiwa makofi. Kisha Honi akapanda juu ya kreti.

Kimya! Miaka yote ya kazi alikuwa hajawahi kusema humo ndani pakiwa kimya. Mtu akikohoa unamsikia. "Ndugu zangu..." Sauti ikatoka kama ya kuku mgonjwa. Nyuma huko watu wakaangua kicheko. Aibu ilioje! Uongozi akauona unakwenda zake.

"Washeni!" akapayuka.

"Tuwashe nini?" akauliza meneja.

"Cherehani! Zote! Nitasema zikiwa zinakwenda."

Wifi mtu hakungoja ruhusa, akakanyaga pedali. Jirani yake naye, na wa nyuma yake, mpaka sakafu ikatetemeka. Ehee, hapo sasa! Kifua cha Honi kikafunguka, mikono ikaruka hewani.

"Kwenye vifungo kuna viti, kwenye pasi hakuna!" akanguruma. "Kwa nini tusipokezane? Asubuhi huyu akae, mchana yule! Mwenye mimba akae siku nzima, nani atakufa?"

"Sema, mama, sema!" wakamjibu wa mbele.

Wa nyuma walisikia sauti tu, maneno yakimezwa na ngurumo, na nani anapenda kupitwa na utamu? Mmoja akaondoa mguu kwenye pedali. Mwenzake akamfuata. Honi wala hana habari, anatiririka tu.

"Na nikiwasahau, nivueni cheo siku hiyo hiyo!"

Maneno yakagonga mabati yakamrudia. Akashtuka. Hakuna gurudumu lililokuwa likizunguka.

"Mmezima lini?"

"Zamani!" wifi yake akacheka mpaka machozi. "Tangu uliposema mwenye mimba akae! Endelea bwana, tunasikiliza."

Moyo ukamdunda kwa furaha. Hakuomba ziwashwe tena. "Basi, la pili," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na ndugu zake sebuleni, na hakuna aliyemwambia apaze sauti.

Alipomaliza, meneja akauliza ni akina nani wanaomtaka Honi. Kabla mkono wowote haujainuka, mshona vifungo mmoja akanyanyuka, akabeba kiti chake, akampelekea mjamzito wa pasi. Ndipo mikono ikapanda.