Chupa ya Chumvi ya Mwalimu Wakoli

Jerono alipoona ni nani anayekuja na chupa kupima mahindi, alitamani lori ligeuke lirudi Kitale saa hiyo hiyo, yeye akiwa amejilaza juu kama gunia la kumi na moja. Alikuwa Mwalimu Wakoli wa kemia, aliyemwandikia kwenye ripoti ya kidato cha tatu: "Huyu na kemia ni maji na mafuta ya taa." Siku hizi alikuwa pia mkaguzi wa stoo katika shule moja ya bweni hapa Bungoma, maana kila kazi yenye chupa husukumiwa mwalimu wa kemia.

Magunia yalikuwa kumi, kutoka Kibomet kule Kitale, na Jerono ndiye aliyeyaanika. Mama alikuwa amesema wazi: shule ikiyapokea, biashara ya mahindi ni yake, ikiyakataa, inaenda kwa kaka yake Kipruto, mtu anayeanika mahindi kwa kuyatazama.

"Jerono," Mwalimu akasema. "Si ulisema kemia haitakusaidia?"

"Bado nangoja, Mwalimu."

Mwalimu akachota konzi ya mahindi, akayatia kwenye chupa ya soda pamoja na chumvi, akaitikisa kama mhubiri anayetoa pepo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ujue imevuta maji kutoka kwa mahindi. Isipoganda, mahindi yamekauka.

Ikaganda hadi chupa ikawa nyeupe.

"Mabichi hayo. Rudisha."

Asubuhi Jerono alikuwa ameuma punje moja na jino bado lilikuwa linamlaumu. "Mwalimu, hebu tikisa chumvi peke yake. Bila mahindi."

"Ati nipime nini sasa?"

"Chumvi."

Nakhumicha, mpishi aliyeileta hiyo chumvi, akacheka kwa pua, akaenda kuleta chupa nyingine, kavu. Mwalimu akatikisa. Chumvi ikaganda vilevile, na hakukuwa na hata punje moja ndani.

"Mama, hii chumvi huwa inakaa wapi?" Jerono akamuuliza mpishi.

"Hapo juu ya sufuria ya ugali," Nakhumicha akajibu. "Imekula mvuke tangu muhula uanze."

Mwalimu akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Jerono mwenyewe akaikaanga chumvi mpaka ikaanza kulia kwenye kikaango, akaiacha ipoe. Wakaanza upya, na chupa kavu kila mara. Gunia la kwanza, chumvi ikateleza chini safi. La pili hivyo hivyo. Walipofika la tisa, Jerono alikuwa ameshapanga maneno yote ya kumwambia Kipruto.

La kumi, ikaganda.

Akaikumbuka ile alasiri: manyunyu, turubai moja la mahindi bado liko nje, na yeye kwenye simu akicheka na Chepkorir. Angeilaumu chumvi tena, lakini nani aliyeikaanga?

"Tunaweza kurudia," Mwalimu akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Wacha tu, bana. Hilo ni bichi. Mimi ndio niliyelilowesha."

Lori lilipokuwa likipakuliwa akampigia mama. "Yamepita tisa. La kumi linarudi kuanikwa."

"Ni wao wamelikataa ama ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni lile la siku ya simu?"

"Ndiyo."

"Sawa. Biashara ni yako. Simu ndiyo itakaa na Kipruto."