Swali la Shamba

Nikutegee kitendawili hiki, mjukuu wangu: ni nani huyo anayekufuata safari bila kualikwa, hana tiketi wala pasipoti, na ukimkana mbele ya watu anakuumbua? Kama hujapata, keti nikuonyeshe Muindi.

Muindi alikuwa shemeji yake Syokau, mdogo wa marehemu mume wake, hapo Kilungu. Aliwahi kwenda Dubai wiki tisa. Miaka minne baadaye karatasi ya uwanja wa ndege bado ilining'inia kwenye begi lake, na begi hilo alilibeba hata akienda kununua chumvi. Syokau aliitazama karatasi ile kama mtu anavyomtazama kuku aliyevaa soksi.

Sasa Mutanu, binti ya Syokau aliyeolewa Australia, alikuwa apasuliwe Ijumaa kumzaa mtoto wake wa kwanza, na alimtaka mama kando ya kitanda. Tiketi zikaja mbili, maana mama hajui Kiingereza. Ya pili ikamwangukia Muindi, na tangu siku hiyo hapakukalika.

Mutanu alikuwa amempigia mama simu akamweleza taratibu. Huko wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea, kwa hivyo kila kitu kitajwe. Ukikitaja, watakikagua, na kama hakifai watakitupa, basi. Ukikificha, wanaweza kufuta viza na kukurudisha na ndege. Syokau akatoa kunde kwenye begi, akatoa mbegu za malenge, akatoa hata chupa ya asali ya Kitui, roho ikimuuma.

Muindi akamcheka. Kwenye saiba moja, duka la intaneti pale Mukuyuni, alimsomea fomu ya kuingilia Australia kwa sauti ya kuhubiri, ili soko lote lisikie. Swali moja liliuliza kama mtu amekuwa shambani katika siku thelathini zilizopita. Syokau alishangaa, maana hata leso yake ilikuwa bado na umande wa huko.

"Sema hapana," Muindi akamwambia. "Ukisema ndiyo watajua wewe ni mshamba. Washamba wanarudishwa hapo hapo, Mama Mutanu. Huyo mtoto hutamwona."

Syokau akainuka, akaenda zake. Na hata walipopewa fomu yenyewe ndani ya ndege, kisanduku cha swali hilo alikataa kijazwe.

Lakini nisisahau: asubuhi ya kuondoka, huyu bwana asiyetaka ushamba aliingia katikati ya miembe yake na suti na viatu vilivyochongoka, juu ya matuta yaliyolowa mvua, apigwe picha ameshika tiketi. Kisha akapaka viatu rangi juu, vikang'aa. Chini nani ataangalia?

Chini wanaangalia. Walipofika kule, afisa mmoja mwanamke alimwuliza Muindi swali lile lile, naye akasema hapana, mara mbili, kwa Kiingereza cha puani. Afisa akamwomba ainue mguu. Udongo mwekundu wa Kilungu ulikuwa umejaa kila mfereji wa soli, na jani la mwembe limebanwa humo kama stempu. Muindi akasema ni vumbi la Nairobi. Akavuliwa viatu, akaketishwa pembeni na soksi, moja imetoboka kidole gumba, pasipoti yake mkononi mwa mtu mwingine. Dubai yote ikamwisha mdomoni. Akamtazama Syokau, akamtikisia kichwa polepole: sema hapana.

Ikawa zamu ya Syokau. Afisa akakiona kisanduku kitupu, akapiga simu, na ndani ya simu mkalimani akamsalimu kwa Kiswahili.

"Mama, katika siku thelathini zilizopita, umekuwa shambani?"

Syokau akamfikiria Mutanu kitandani, akaifikiria ndege ya kurudi. Halafu akamwangalia yule mtu wa soksi. Akainama, akavua raba zake mwenyewe, akaziweka mezani, soli juu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Zote thelathini. Mimi ni mshamba. Na huyo aliyeketi pale na soksi, shamba lake linapakana na langu."