Dakika Tatu za Mbuta

Majak alitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma bila kibali cha kusafiri, akapanda lori hadi Lodwar, na kesho yake alikuwa ndani ya boti ya Ekuru kwenye Ghuba ya Ferguson, Ziwa Turkana. Ekuru alitaka mtu mwenye mikono ya nguvu. Mteja wake Boris alikuwa akija kila mwaka kutafuta mbuta, yule sangara mkubwa, wa kuvunja rekodi, na Ekuru hakuwa na mteja mwingine wa maana.

Boris angepambana na samaki kwa fimbo ya kuvulia, amejifunga mikanda kitini, akilegeza na kukaza breki ya rili, kigurudumu cha mshipi, mpaka samaki achoke. Samaki akisogea karibu, Majak angeushika waya ulio juu ya ndoana na kumvuta ubavuni mwa boti. Ekuru alimwonyesha namna ya kuuzungusha mara mbili kiganjani. Glavu zilikuwa jozi moja tu, na Boris alizivaa yeye.

Mbuta alinasa saa nne asubuhi. Baada ya dakika arobaini akaelea kiubavu, kinywa wazi. Majak akazungusha waya, akavuta. Samaki akashtuka, akazama. Waya ukakazika na kumbana Majak kifua kwenye ukingo wa boti, mkono majini hadi begani.

"Kata," Majak alisema.

Kisu kilikuwa kiunoni mwa Ekuru. Akamtazama Boris.

"Usikate," Boris alisema. "Samaki amechoka. Dakika moja tu."

Zikawa tatu. Majak alimwita mama yake kwa Kidinka, mpaka samaki akaibuka.

Ufukweni samaki alipimwa kwanza, kwa kuwa akikauka hupungua uzito. Ndipo Majak akapelekwa hospitali ya Lodwar, akakatwa vidole vitatu.

Siku ya pili Ekuru alikuja wodini. Alimwomba aseme aliumizwa na mashine ya kusaga, maana polisi wangeuliza kibali. Majak akakubali. Akauliza samaki alikuwa na kilo ngapi.

"Tisini na moja. Amekosa rekodi kwa kidogo tu. Boris anabaki wiki moja zaidi." Ekuru alitazama sakafu. "Huko Kakuma kuna mwingine mwenye nguvu?"

Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa tena, na watoto wa dada yake walikuwa wakilala njaa.

"Dut," Majak alisema. "Shemeji yangu. Ana mikono mikubwa kuliko yangu."

Akamtajia namba ya simu, tarakimu moja moja, na Jumamosi Dut alikuwa njiani.