Vyumba vya Jumapili

Kila Jumapili, misa ikiisha, Nazaire na mkewe Marie-Rose walikwenda kutembelea majumba ya matajiri. Si kwamba walialikwa. Huku Dallas nyumba ikitafutiwa mnunuzi, dalali huacha mlango wazi Jumapili mchana, na kila aliyevaa kiheshima huingia akatazama. Kuvaa kiheshima hakukuwashinda, maana walikuwa wametoka kanisani.

Marie-Rose hakukubali kwenda kwa watu mikono mitupu. Kila jumba aliliachia kifuko cha maharage jikoni, kando ya sinki. Madalali wale, Mungu awasaidie, sijui waliyafanyia nini.

Jumapili hii Nazaire alikuwa na neno la kumuuliza mkewe. Benki imekubali kuwakopesha. Kule Garland, karibu na ghala alikofanya kazi, walipata kijumba cha vyumba viwili, na kesho ndiyo siku ya kutia saini, yeye na mkewe pamoja. Asipokuja mmoja, kijumba kinakwenda kwa mwingine. Miaka yote ya kupakia masanduku hadi mgongo ukalia ilikuwa kwa ajili ya siku hiyo, na Marie-Rose kila akiulizwa alijibu, "Tutaona, Baba Ella."

Ndani ya gari binti yao Ella alikuwa akisoma riwaya ya shule, ya zamani, kuhusu maskini aliyetajirika akanunua jumba ili mwanamke aliyempenda aje kuishi naye.

"Akaja?" mama yake akauliza.

"Alikuja tu ku-visit, Mama."

"Si haba," Marie-Rose akasema, na akaendelea kutazama miti ya kitongoji cha Richardson ikipita.

Jumba la siku hiyo lilikuwa jeupe, na jua lilikuwa limeingia kila mahali, hata kwenye ngazi. Marie-Rose, ambaye wiki nzima hutandika vitanda vya wageni hotelini, alitembea polepole akipitisha vidole ukutani. Alikuwa mzuri siku ile, mzuri kiasi kwamba Nazaire aliona haya kumuuliza habari za benki. Alimfuata nyuma hadi chumba cha mwisho ghorofani, chenye dirisha la kutazama bustani.

"Mama Ella," akasema hatimaye. "Kesho saa nne. Utakuja?"

Marie-Rose alikaa ukingoni mwa kitanda kisicho chake.

"Ile ya Garland nzuri," akasema. "Jiko lake nimelipenda. Lakini vyumba viwili, kimoja chetu, kimoja cha Ella. Mama nitamlaza wapi?"

Mama yake walimzika katika kambi ya wakimbizi, Ella hajazaliwa. Nazaire akawaza majumba yote waliyozunguka, na jinsi mkewe alivyokuwa akichelewa kutoka katika vyumba vya wageni. Yeye alidhani wanatafuta nyumba. Kumbe mwenzake alikuwa anawapangia wafu wake mahali pa kulala, na leo anaambiwa awafungie mlango. Ilimuuma sana.

Alikaa kando yake.

"Atalala chumbani kwetu," akasema. "Sisi wawili tutalala sebuleni."

Marie-Rose alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anatania.

"Saa nne, umesema?"

"Saa nne."

"Basi niamshe mapema," akasema. "Nataka kwanza nimtandikie Mama."