Saa ya Kifundoni

Siku fundi cherehani alipofariki, saa yake ilimpongeza. Ilikuwa ile saa ya kuhesabu hatua, na ilimpongeza garini, njiani kwenda hospitali. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Mkewe alikuwa amempakata kichwa, na kule miguuni saa ikatetemeka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo: lengo la leo limetimia.

Binti yao, aliyekuwa kazini mji mwingine, aliliona lengo hilo kwenye simu yake. Akaandika, "Hongera baba, leo umetembea." Ujumbe ulifika. Wa kuusoma hakuwepo.

Mazishi yakapita, binti akarudi kazini. Akawa anampigia mama yake kila alasiri kwa swali lilelile.

"Mama, siku ile baba alikuwa ametoka wapi?"

"Hakutoka popote."

"Saa inaonyesha alitembea sana. Daktari alisema atembee kidogo kidogo, mimi nikamganda kama ruba. Nimemmaliza baba kwa hatua."

"Baba yako hakuvuka geti hili kwa hiari yake tangu goti lianze kumsumbua."

"Unanifariji tu, mama."

Mama alichosema kilikuwa maneno; ilichosema saa kilikuwa namba, na binti alikuwa mhasibu.

Ukweli ni kwamba saa ilipoletwa na binti, fundi aliivaa mkononi kama watu wote. Akakanyaga cherehani kutwa nzima. Jioni saa ikaonyesha amepumzika. Kesho yake mkewe akaiazima, akakanda unga wa mikate nayo. Saa ikaonyesha amekimbia.

"Hiki kitu hakijui kazi," fundi alisema. "Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Wewe."

Fundi akakata kipande cha mpira wa kiuno cha suruali, akakiunga kwenye mkanda wa saa kwa mshono mzuri kabisa, akajifunga kifundoni. Tangu hapo kanyagio la cherehani likawa ndiyo barabara yake. Pongezi za binti zilipoanza kumiminika, alizipokea bila haya. "Mguu umekwenda," alimwambia mkewe. "Mimi ndiye nimebaki."

Mwisho wa wiki binti akaja. Alikaa mlangoni na chai yake, hainywi. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Mama akamtazama, akaona huyu naye akiachwa hivi hivi atakwisha.

Akaitoa saa kabatini, ilimokaa tangu hospitali walipomkabidhi, na baada ya kuichaji akajifunga kifundoni. Akaketi kwenye kiti cha marehemu. Chini ya sindano ilikuwepo suruali ya mteja, mguu mmoja umepindwa, wa pili bado. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Fungua simu yako."

"Mama, unafanya nini?"

"Natembea."

Akakanyaga. Cherehani ikalia kama ilivyokuwa ikilia siku zote, na binti akainua kichwa haraka, kisha akakumbuka. Akaitazama simu.

"Nimefika wapi?" mama akauliza.

"Kwa hatua hizi, sokoni."

"Nimeondoka kwenye kiti?"

"Hujaondoka."

Akaendelea. Jasho likamtoka, kazi ya miaka yote ya mumewe haikuwa nyepesi kama alivyodhani.

"Na sasa?"

"Sasa umepita shule. Unakaribia darajani."

"Baba yako naye alifika hukohuko."

Binti aliweka simu magotini. "Na siku ile?"

"Siku ile hata cherehani hakuigusa. Alilala mapajani mwangu, gari likamrusha njia nzima. Zile hatua ni za mashimo, mwanangu. Hazikuwa zako wala zake."

Binti akalia, kwa mara ya kwanza bila kuuliza kitu. Mama hakumnyamazisha. Binti alipomaliza kulia, alijifuta uso kwa kiganja, akasogea kwenye cherehani, akainama juu ya ile suruali.

"Mama, umeshona kombo."

"Najua. Fumua."

Binti akanywa chai iliyopoa, akaufumua mshono uzi kwa uzi, akaupinda upya kama alivyofundishwa na baba yake akiwa mdogo. Mama alimshikia kitambaa.

Suruali ilichukuliwa Jumatatu. Saa iko kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, imezimika. Binti bado anapiga simu kila alasiri, na huuliza kama mama amekula.