Redio ya Nyumba Mbili

Vita ilipotangazwa mwaka ule wa sabini na nane, Ikupa na shemeji yake Fanueli walikuwa hawajasalimiana tangu mavuno. Waliishi kiwanja kimoja pale Iyunga, nyumba mbili zinazotazamana, na kila mmoja alikuwa na mtoto jeshini: Philbert wa Ikupa, Yohane wa Fanueli. Mume wa Ikupa, kaka yake Fanueli, alikuwa marehemu. Tangu azikwe, Fanueli alijiona ndiye mwenye kauli juu ya kila kitu, hata kuku wa mjane.

Kiu ya habari iliwalazimisha kwenda mjini pamoja kununua redio kwa fedha ya maharage ya shamba lao. Njiani mmoja alitangulia, mwingine akafuata kwa mbali.

Dukani Fanueli alinyoosha kidole kwenye redio kubwa ya mbao.

"Hii."

"Hiyo inataka umeme," Ikupa alisema. "Kwetu umeme uko wapi?"

"Inakubali betri ya gari."

"Na gari liko wapi?"

Mwenye duka, Liberatus, akaingilia. "Mama, nyumba yenu iko sehemu gani?"

"Chini ya kilima. Redio ya jirani inakoroma tu, mpaka apande nayo juu."

"Basi chukueni hii ndogo. Inatumia mawe ya tochi, ina masafa mafupi. Waya wake mnaufunga juu ya mti."

Fanueli alicheka kwa dharau. "Redio ya wachunga ng'ombe! Nkuba wa Usangu anayo hiyohiyo, anaifunga kwenye baiskeli."

"Nkuba anasikia. Wewe unataka kutazamwa."

"Nyamaza! Kiwanja kile ni cha kaka yangu."

"Kaka yako yuko makaburini. Maharage nimelima mimi."

Watu waligeuka kuwatazama. Fanueli akalipia ile kubwa na kuibeba begani.

Akaazima betri ya lori, majirani wakajaa sebuleni kwake. Alizungusha kitufe mpaka jasho likamtoka. Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, basi. Mtu mmoja akacheka. Fanueli akainuka, akaelekeza mkono nyumba ya pili.

"Kuna mtu ameifunga redio yangu. Na mnamjua."

Ikupa aliyasikia akiwa uani. Kumwita mjane mchawi mbele ya watu si jambo la kufutika kwa maji. Asubuhi, Fanueli alipokwenda kwenye kazi yake ya uashi, Ikupa aliingia nyumbani kwake, akajitwika redio ya mbao, akairudisha dukani. Liberatus alimbadilishia, akampa ile ndogo. Jioni waya ulikuwa juu ya mparachichi, na sauti ya mtangazaji ikatoka safi kama mtu aliyeketi jikoni.

Fanueli alirudi, akasikia. Akachukua panga, akaukata waya katikati ya taarifa ya habari.

Ikupa alitoka taratibu. "Umekata. Sasa habari za Yohane utazisikilizia wapi?"

Fanueli alisimama na panga lake. Ikupa akaunga waya mbele ya macho yake. Fanueli hakuukata tena.

Ikawa kila jioni Fanueli anakaa barazani kwake na kutega sikio, na Ikupa anapunguza sauti. Siku moja Fanueli alivuka uwanja.

"Shemeji, ongeza kidogo. Wanataja kikosi cha watoto wetu."

"Kwanza waite wale uliowaambia mimi mchawi. Waambie ulisema uongo."

Fanueli akageuka, akaondoka. Ikupa akafunga mlango. Kikosi kilitajwa, naye akakisikia peke yake. Usiku ule hakupata usingizi, lakini mlango hakuufungua.

Vijana walirudi wote wawili mwaka uliofuata, Yohane akichechemea. Alianzia kwa Ikupa kusalimia, akala ugali kwake. Baba yake aliposikia, hakumtolea kiti.

Kabla ya masika Fanueli, asiyetaka tena kutazamana na nyumba ile, alihamia Iringa, akapanga chumba mtaa wa Kihesa. Yohane ndiye aliyempeleka stendi. Ikupa alikuwa shambani akipalilia. Alisikia lori lililowabeba likipiga honi barabarani, hakuinua kichwa.